Mwaka, ukubwa au matundu ya mikanda: ubao gani utanitoa demani?

«Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, Mombasa, nina miaka 34 na uzani wa kilo 82, na navaa kiatu nambari 41. Nilianza kujifunza kuteleza baharini kwa tiara mwaka jana. Natumia tiara ya mita mraba 12 na ubao wa kuazima wa sentimita 136 kwa 40. Msimu wa kusi najiweza, lakini wa kaskazi nasukumwa demani, yaani upande unakoelekea upepo, kila mara, na narudi kwa miguu ufuoni nimebeba ubao begani. Nimeamua kununua wangu, na nimeonyeshwa mbao tatu: mmoja wa mwaka 2017, 138 kwa 41, kwa KSh 22,000, wa pili wa mwaka 2019, 142 kwa 43, kwa KSh 30,000, na wa tatu wa mwaka 2023, wenye jina na vipimo vilevile vya ule wa 2017, kwa KSh 68,000. Muuzaji asema ule mpya utanipeleka joshi, yaani upande unakotoka upepo, wenyewe. Rafiki yangu naye alinishauri nisogeze mikanda ya miguu hadi matundu ya skrubu ya mwisho nje. Nilifanya hivyo, na goti la kushoto likaanza kuuma. Tena nimesoma kwamba wanaoteleza kwenye theluji laini hurudisha vifungio vya skii nyuma ili ncha ielee. Je, nami nirudishe mikanda yote miwili nyuma? Kati ya mwaka, ukubwa na matundu, nianze na kipi?»

Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako yaonekana matatu, lakini nikiyasoma vizuri naona hofu moja: usije ukatoa fedha nyingi, kisha kaskazi ijayo ikukute palepale ufuoni, ubao mpya begani. Nitayaeleza kwa mpangilio wako, lakini wewe utende kwa kinyume chake. Anza na matundu, kwa sababu hayakugharimu kitu ila bisibisi na nusu saa. Fuatisha ukubwa, kwa sababu hapo ndipo kuna tofauti unayoweza kuihesabu. Mwaka uuweke mwisho kabisa, na hata huo usiuulize kama umri wa muundo, bali kama umri wa kifaa kilichokaa juani na kwenye chumvi.

Kabla ya kugusa mbao zenyewe, ni lazima tuelewane kwa nini kusi unajiweza na kaskazi hujiwezi, maana kosa la kwanza linaanzia hapa. Watu wengi hudhani upepo wa noti 13, yaani maili 13 za baharini kwa saa, umepungukiwa kidogo tu na ule wa noti 18. Sivyo. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: 13 mara 13 ni 169, na 18 mara 18 ni 324. Kwa hiyo, tiara yako ileile ya mita mraba 12, siku ya kusi ya noti 18, hukuvuta kwa nguvu inayokaribia maradufu ya ile inayokuvuta siku ya kaskazi ya noti 13. Ubao wa kuazima haujaharibika na wewe hujasahau ulichofunzwa. Umepewa nusu ya injini, na ubao uliokuwa ukielea juu ya maji kwa urahisi sasa unazama kidogo, unaburuta, na unateleza kando kando kuelekea demani.

Kwenda joshi kwa ubao hakuna siri tofauti na ile aliyoijua babu yako kwenye dau. Tanga linavuta upande mmoja, chombo kinakataa kwenda upande huo kwa sababu ya umbo lake lililo majini, na kinachobaki ni kusonga mbele kwa mshazari. Dau lina mkuku wa kukataa. Wewe una ukingo wa ubao wa upande wa visigino pamoja na mapezi manne madogo, ambayo kwa kawaida yana urefu wa sentimita 4 hadi 5. Ukingo huo haushiki maji ubao ukiwa umetulia. Hushika pale tu ubao unapokuwa na mwendo wa kutosha kuinuka na kuteleza juu ya uso wa maji. Ndiyo maana mtu anayelazimisha kwenda joshi mapema mno, kwa kuukandamiza mguu wa nyuma, huua mwendo, ukingo huachia, na yeye hujikuta akienda demani akiwa amekaza misuli yote ya mwili. Mwendo kwanza, joshi baadaye. Waliowahi kutazama mashindano ya mashua Lamu wamewaona mabaharia wakitoka juu ya ubao unaochomoza upande wa joshi, miili yao yote ikining'inia nje ya chombo. Wanachotafuta pale ni wenzo, yaani umbali baina ya uzito wao na chombo, na wenzo huohuo ndio tutakaoutafuta tutakapofika kwenye matundu yako.

Sasa mwaka. Mbao za aina yako, zile zenye ncha mbili zinazofanana ambazo huendeshwa pande zote mbili bila kugeuzwa, zimekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini, na umbo lake la msingi limeshakomaa. Watengenezaji wengi huliacha umbo moja likauzwa miaka miwili au mitatu huku wakibadilisha rangi na michoro tu. Hata pale wanapobadilisha kitu cha kweli, mara nyingi ni tabaka la nyuzi za kaboni lililoongezwa ili kupunguza uzani na kuongeza ugumu, mifereji iliyochongwa upya upande wa chini, au mpindo uliorekebishwa kidogo. Haya yana maana kwa mtu anayeruka mita kadhaa juu na kutua kwa kishindo. Kwa mtu anayepigania kurudi mahali alipoanzia, nimeyaona mara nyingi na sijawahi kuyaona yakimwokoa. Fahamu pia kwamba mwaka unaoandikwa ubaoni ni mwaka wa modeli, si wa kutoka kiwandani. Ubao wa 2023 kwa kawaida ulishafika madukani katika nusu ya pili ya 2022, na kampuni nyingine zimeacha kabisa kuandika mwaka na badala yake huhesabu matoleo.

Kuna mkanganyiko mmoja wa majina ambao huwapata wanunuzi wengi wa mitumba, na afadhali nikuambie mapema. Mwaka 2018 kampuni ya Boards & More iliacha kutumia jina la North kwa vifaa vyake vya tiara na kuanza jina la Duotone, ilhali jina la North likaenda kwa kampuni nyingine iliyoanza na vifaa vyake yenyewe. Kwa hiyo, ukiona ubao mkongwe wa North na ubao mpya wa North, usidhani mmoja ni mtoto wa mwingine. Mrithi wa ule mkongwe huenda anauzwa kwa jina la Duotone. Sijui mbao ulizoonyeshwa ni za nani na wala hukunitajia, lakini muuzaji anaposema «ni uleule, mpya tu», mwombe akuonyeshe mbao zote mbili zikiwa zimelazwa bega kwa bega kwenye sakafu iliyonyooka. Hapo utauona mpindo kwa macho yako. Ncha zikiinuka sawasawa kutoka sakafuni kwenye mbao zote mbili, basi mpindo ni mmoja, na tofauti ya KSh 46,000 unailipia upya wa kifaa, si uwezo wa kwenda joshi.

Mpindo huo nauomba uuangalie kwa makini kuliko mwaka, kwa sababu mara nyingi ndio unaoamua. Ubao ulionyooka zaidi huinuka mapema kwenye upepo mdogo, huenda haraka na hushika joshi vizuri, lakini maji yakichafuka hukugonga magoti na ncha yake huchimba wimbi. Ubao uliopinda zaidi, kama chombo kilichoinuka omo na tezi, hupita juu ya mawimbi madogo kwa upole na hutua laini, ila huchelewa kuinuka na husukuma maji mbele yake. Kwa kaskazi ya Nyali na Shanzu, ambapo upepo ni wa wastani na maji ya ndani ya mwamba huwa tulivu wakati yamepwa, mimi humshauri mtu wa uzani wako achague ubao ulionyooka kiasi. Ugumu nao una uzito: ubao uliolegea hujikunja ukingo unapokazwa, na sehemu ya nguvu ya mguu wako hupotea kabla ya kufika majini. Ubao uliotumika sana hulegea, na hapa ndipo umri unapoingia kwa haki.

Tuje kwenye ukubwa, na hapa tuhesabu pamoja. Tukizidisha urefu kwa upana, ubao wako wa kuazima una sentimita mraba 5,440. Mbao za 138 kwa 41, wa 2017 na wa 2023 sawasawa, zina 5,658, yaani nyongeza ya asilimia 4. Ule wa 142 kwa 43 una 6,106, nyongeza ya asilimia 12. Eneo halisi ni dogo kuliko hapo kwa kuwa kona zimeviringwa, lakini uwiano unabaki karibu uleule. Asilimia 4 utaihisi kwa shida. Asilimia 12 utaihisi siku ya kwanza, dakika ya kwanza, tiara inapokuinua kutoka majini na ubao ukakataa kuzama. Na kati ya vipimo hivi viwili, upana ndio wenye kazi kubwa katika kukuinua mapema, ilhali urefu hukupa utulivu na ukingo mrefu zaidi wa kushika maji. Kwa kilo 82 katika noti 12 hadi 16, upana wa sentimita 42 au 43 ni wa kufaa. 40 ni upana wa mtu mwepesi kuliko wewe, au wa siku zenye upepo mkali.

Sitakuficha gharama ya ubao mkubwa. Siku kusi inapovuma noti 20 na zaidi, na maji yamechafuka, ubao wa 142 kwa 43 utakuchosha: eneo lilelile lililokusaidia kuelea litakuwa linakuinua usipotaka, ukingo utakuwa mgumu kuuzamisha, na miguu itatetemeka kabla ya saa moja kwisha. Kwa hiyo usiuone kama ubao wa kila siku ya mwaka. Uone kama ubao wa Desemba hadi Machi. Na usisahau kwamba tiara ina nguvu kuliko ubao katika hesabu hii: kutoka tiara ya mita mraba 10 hadi 12 ni nyongeza ya asilimia 20, jambo ambalo hakuna badiliko la sentimita chache za ubao linaloweza kulifikia. Tiara ya 12 uliyo nayo yatosha kwa noti 14 na kuendelea kwa uzani wako. Chini ya hapo, hata ubao mkubwa huenda usikutoshe, na siku hizo ni za kukaa kivulini kunywa madafu kuliko kujichosha.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji kamwe, nayo inahusu upana wa ubao na urefu wa unyayo. Kiatu nambari 41 ni unyayo wa takriban sentimita 26. Ukisimama katikati ya ubao wa 40, kisigino chako kiko kama sentimita 7 kutoka ukingoni. Kwenye ubao wa 43 kiko kama 8 na nusu. Sentimita moja na nusu yaonekana ndogo, lakini ndiyo wenzo wako, kama ule wa baharia anayening'inia joshini. Kadiri kisigino kinavyokuwa mbali na ukingo, ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi kuulaza ubao. Watu wenye miguu midogo hununua ubao mpana ili waelee, wanaelea kweli, kisha wanalalamika kwamba ubao hauendi joshi. Dawa yake ni matundu: pedi nyingi, yaani vile vikalio vya kukanyagia nyayo, zina nafasi ya kusogezwa kuelekea kisiginoni kwa sentimita moja au zaidi. Ukinunua ule wa 43, isogeze huko kabla hujaingia majini.

Na sasa twende kwenye matundu yenyewe na lile goti. Rafiki yako hakukutakia mabaya. Msimamo mpana huwasaidia wanaoruka na kutua, na wanaoivuta tiara wakiwa wameifungua kwenye mshipi, kwa sababu uzito huenea na ubao hautikisiki. Lakini kila tundu moja unalotoka nje kwa kila mguu huongeza upana wa msimamo kwa sentimita 4 hadi 5, na ukifika matundu ya mwisho huenda umesimama sentimita 62 au zaidi baina ya miguu, ilhali mtu wa kimo cha wastani hujisikia vyema kwenye 54 hadi 58. Ukipanua miguu kupita kiasi huku vidole vikiwa vimeelekea mbele karibu sambamba, magoti hulazimika kuingia ndani yanapokunjwa, na kila wimbi linayasokota kidogo.

Kwa nini goti la kushoto na si la kulia? Fikiri kidogo nami. Ukisimama ufuoni ukitazama baharini, kaskazi hukujia kutoka kushoto, tena kwa mshazari kuelekea nchi kavu. Ukitoka kwenda mwambani, mguu wa kushoto ndio ulio mbele. Ukirudi ufuoni, wa kulia ndio mbele na wa kushoto uko nyuma. Kwa namna pwani yetu ilivyolala, safari ya kurudi ndiyo inayokupa sehemu kubwa ya joshi, basi bila shaka hapo ndipo unapokaza kwa nguvu zako zote, ukiukandamiza mguu wa nyuma, yaani wa kushoto, ukiwa umepanuliwa mno. Nadhani goti lako linakueleza jambo lilelile ambalo ubao wako unakueleza: unabonyeza nyuma badala ya kulala kisiginoni. Ukitaka kunihakikisha, kumbuka kama wakati wa kusi maumivu huhamia kulia au hupungua, kwa kuwa kusi hukujia kutoka kulia na kila kitu hugeuka.

Goti likishapoa, fanya hivi. Vua viatu, panda kwenye kiti kifupi, ruka chini mara tatu bila kufikiri, na mtu apime umbali kati ya vituo vya nyayo zako ulipotua. Huo ndio msimamo wako wa asili. Funga mikanda kwenye matundu yanayokaribia kipimo hicho, na ukiwa kati ya mawili, chagua la ndani. Kisha geuza pedi ili vidole vielekee nje kiasi, kati ya digrii 9 na 15 kila upande, mpaka ukikunja magoti yaende juu ya vidole na si ndani yake. Pande zote mbili zilingane kabisa. Msimamo mwembamba kidogo utakurahisishia kulala na kuusukuma ubao kwa visigino, na ndio msimamo wa mtu anayetafuta joshi.

Kuhusu skii, nimefurahi kwamba umesoma mbali, kwa sababu mambo haya yana undugu wa kweli. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ilitoa skii iliyoitwa Spatula, wazo la mtelezaji Shane McConkey, ambaye aliona kwamba theluji laini hufanana na maji kuliko na ardhi ngumu, na alikuwa amejaribu hata skii za majini kwenye theluji ya Alaska. Skii hiyo ilikuwa pana katikati na iliyopinda juu ncha zote mbili, kinyume cha skii za wakati wake. Kwa hiyo, mtu wa theluji laini hujali upana, mpindo na mahali pa kufunga buti, sawasawa na wewe. Lakini skii huenda upande mmoja tu. Ncha yake ya mbele ndiyo inayotishia kuzama, basi akisogeza kifungio sentimita moja au mbili nyuma ya alama ya kiwanda, ncha huinuka, naye hulipa kwa kupoteza wepesi wa kugeuka. Akikisogeza mbele, hupata wepesi na kupoteza kuelea. Ubao wako hauna mbele wala nyuma. Ukirudisha mikanda yote miwili upande mmoja, utakuwa umeirudisha nyuma ukienda mwambani, na umeipeleka mbele ukirudi ufuoni, ambako ndiko unakohitaji joshi zaidi. Ncha itachimba maji na utaanguka kwa uso. Ushauri ule ungekufaa siku utakaponunua ubao wa mawimbi wenye omo moja. Kwa sasa uache.

Tukirudi kwenye zile mbao tatu, kitu cha kukagua ni mwili wake, na hapa nakusihi usione haya kuchukua muda mbele ya muuzaji. Ubao wa aina hii kwa kawaida una kiini cha mbao nyepesi, mara nyingi paulonia, kilichofunikwa kwa nyuzi za kioo au kaboni na gundi ya epoksi, na ukingo wa plastiki ngumu pembeni. Adui zake Mombasa ni watatu: maji yanayopenya, chumvi inayokula skrubu, na joto la gari lililofungwa au stoo ya mabati, ambalo linaweza kuachanisha matabaka. Chukua sarafu, uugonge ubao kila baada ya sentimita chache, juu na chini. Sauti kali na inayofanana ni njema. Mahali panapotoa sauti butu, au panapobonyea chini ya kidole gumba, tabaka limeachana au kiini kimelowa. Tazama kuzunguka kila tundu la skrubu kama kuna nyufa nyembamba zinazoenea kama miale. Hizo hutokana na vishindo vya kutua na ndizo njia kuu ya maji. Pitisha ukucha kwenye maungio ya ukingo. Laza ubao kwenye sakafu ya vigae uone kama unayumba kona kwa kona, maana ubao uliosokoteka utakwenda joshi upande mmoja na kukukatalia upande wa pili, nawe utajilaumu bure. Kisha ingiza skrubu katika kila tundu, hata yale usiyokusudia kuyatumia. Tundu lililofura kutu leo hutalifungua mwakani utakapotaka kubadilisha msimamo.

Skrubu zenyewe nyingi ni za kipenyo cha milimita 6, lakini urefu hutofautiana. Ukihamisha pedi nene kutoka ubao mmoja na kufunga nyembamba mahali pake kwa skrubu zilezile, ncha ya skrubu inaweza kusukuma ngozi ya chini na kuutoboa ubao kutoka ndani. Nimetengeneza mbao kadhaa zilizoharibiwa na mwenyewe kwa namna hiyo. Skrubu ikikataa kukaza katika mizunguko ya mwisho, simama, itoe, tafuta iliyo fupi. Tumia chuma kisichoshika kutu, na suuza kwa maji ya bomba kila unapotoka baharini.

Basi hukumu yangu ni hii. Ule wa 2023 uuache. KSh 68,000 kwa asilimia 4 ya eneo ni fedha ambazo zingekufaa mahali pengine, na muuzaji aliyekuambia kwamba utakupeleka joshi wenyewe amekuahidi kazi ambayo ni ya visigino vyako. Ule wa 2017 si mbaya kwa bei, lakini utakupa karibu kilekile ulicho nacho, tena ukiwa umelegea kwa umri. Ningeuchukua tu kama ubao wa kuazima ungerudishwa kwa mwenyewe na ulihitaji wa kusi. Ule wa 2019, wa 142 kwa 43, ndio unaojibu shida yako, mradi upite ukaguzi wa sarafu na wa nyufa. Usipopita, subiri mwingine wa vipimo hivyo; mwishoni mwa msimu, wageni wanapofunga virago, mbao kubwa hupatikana.

Lakini usinunue chochote wiki hii. Rekebisha kwanza mikanda ya ubao ulio nao, ungoje siku mbili za kaskazi ya kawaida zenye maji ya namna moja, na uziepuke siku za bamvua, kwa kuwa maji yetu yanapopanda na kushuka karibu mita 4 mkondo wake unaweza kukudanganya kuwa umeboreka au umezorota. Chagua mnazi mmoja ufuoni uwe alama. Toka na urudi mara nne, angalia umeishia hatua ngapi juu au chini ya mnazi, kisha badilisha kitu kimoja tu na urudie. Ukiwa majini, tiara usiiache saa sita kamili juu ya kichwa kwa hofu ya kuanguka. Ishushe hadi karibu saa nne na nusu ukienda kushoto, au saa saba na nusu ukienda kulia, uiache hapo itulie, tazama unakotaka kwenda na si miguu yako, na nyoosha mguu wa mbele huku ukilala kwa visigino. Ukimudu kurudi kwenye mnazi hata mara moja kwa ubao wa 136, utanunua ule mkubwa ukijua unanunua nini.

Goti usilipime kwa maandishi yangu. Lipumzishe mpaka unaweza kuchuchumaa bila maumivu, na kama limevimba, linakwama, linalegea ghafla ukishuka ngazi, au bado linauma baada ya wiki mbili, mwone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya kufunga mkanda tena. Ubao ukikutwa na ufa, upeleke kwa fundi wa faiba anayeshughulikia mashua, kule Mtwapa au Kilifi, na umwambie mapema kwamba ni epoksi, kwa sababu wengi wamezoea poliesta ya boti, nayo haishikani vizuri na ngozi ya ubao huu. Na umlipe mwalimu saa moja ya kukutazama akiwa ufuoni, akipiga picha za video kwa simu wakati wa safari ile ya kurudi. Ataliona jambo ambalo mimi nalikisia tu kutoka mbali, yaani kama makalio yako yamebaki nyuma ya mguu wa kushoto, na atakurekebisha hapohapo, maji yakiwa bado kifuani.